Habari ya Kioo Kinachoshikamana na Mfupa

Siku ya ukumbusho kama hii watu hupenda kusikia habari za miaka iliyopita: nani alijenga, nani alifundisha, nani alitangulia. Wenzangu wamekwisha kuyasema hayo vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimepewa nafasi niseme neno moja lenye faida, nami nimechagua habari ambayo pengine itawashangaza: habari ya kioo kinachotiwa ndani ya mfupa wa mtu, kikashikamana nao, kisha kikayeyuka kidogo kidogo na kuuachia mfupa mahali pake. Msidhani ya kwamba nawasimulia hadithi ya kuchekesha watoto. Ni jambo la kweli, nalo limejaribiwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Tena ninayo sababu yangu ya kulisema, wala sababu hiyo hainipi sifa. Basi, na nianze nayo.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijiji chetu alinijia jioni. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na homa, na muundi wa mguu wake wa kulia ulimwuma hata hakuweza kuukanyagia. Akaniambia, "Mwalimu, wengine wasema nimpeleke hospitali, wengine wasema ni jipu tu, litapasuka lenyewe. Wewe uliyesoma wasemaje?" Nami, kwa kuwa niliulizwa kama mtu aliyesoma, niliona haya kusema sijui. Nikamjibu, "Mama, mwili ni mwenye nyumba mwerevu. Kila kitu kigeni hukitoa nje, kama utoavyo mwiba. Ngoja, utakitoa." Hata baada ya siku chache jipu likapasuka kweli, usaha ukatoka, homa ikapungua, watu wakanisifu. Nami nikajisifu moyoni.

Lakini tundu lile halikuziba. Likifunga leo, kesho kutwa lafunguka tena. Ukapita mwezi wa pili, ukapita wa tano, ukapita mwaka mzima. Siku moja kikatoka tunduni kipande cha mfupa, chembamba kama kijiti cha kibiriti. Hapo mama yule akamchukua mwanawe, akampeleka hospitali bila kuniuliza, na alifanya vema.

Nilipokwenda kumtazama, daktari hakunikaripia. Aliniketisha, akanionyesha picha ya mguu ule. Ndani ya muundi palikuwa na kipande cha mfupa kilichokufa, kimezungukwa na usaha pande zote. Akanieleza ya kuwa vijidudu vya maradhi huchukuliwa na damu, vikakaa katika mfupa wa mtoto, hasa karibu na ncha zake, mahali mfupa unapokua. Mtoto akiletwa siku za kwanza, mara nyingi dawa huvishinda. Lakini mfupa ukiisha kufa, damu haifiki ndani yake. Na dawa husafiri kwa njia ya damu, kwa hiyo nayo haifiki. Akasema, "Ulisema mwili humtoa mgeni. Umejaribu kweli. Lakini huyu si mwiba, mwalimu. Huyu ni kipande cha mwili wenyewe kilichokufa, na mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko yeye." Nikainama, sikuwa na la kujibu.

Wakampasua kijana, wakatoa mfupa uliokufa, wakasafisha. Palipokuwa na ugonjwa pakabaki shimo lenye nafasi ya kutosha yai la njiwa. Baada ya miezi, kidonda kilipokuwa safi, wakampasua mara ya pili. Safari hii wakakata mfupa kidogo katika nyonga yake, wakautia katika shimo la mguu. Mguu ukapona. Walakini kwa muda mrefu kijana alilalamikia nyonga kuliko mguu, na hata leo huchechemea kidogo. Nikamwuliza daktari, "Je, hapana kitu kingine cha kujazia shimo, ila kumwumiza mtoto mahali pawili?" Akanijibu kwamba kipo, ingawa hospitali yake haikuwa nacho, na kimojawapo ni kioo. Nikacheka, nikidhani anifanyia mzaha, maana kioo nikijuacho mimi hukata. Hakucheka. Alinipa maandiko nikasome, nami tangu siku ile nimesoma kila nililolipata. Hayo ndiyo niwaleteayo leo.

Kwanza tuujue mfupa wenyewe. Walimu, tumezoea kuwaambia watoto ya kwamba mfupa ni kama boriti ya nyumba. Ni kweli kwa nguvu zake, lakini boriti ni mti uliokufa, na mfupa u hai. Ndani yake mna mishipa ya damu na chembe hai, nyingine zabomoa mfupa wa zamani, nyingine zajenga mpya, usiku na mchana. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika, ukiwekwa sawa na kutulizwa, hujiunga wenyewe. Lakini shimo kubwa ni jambo jingine. Mfupa hukua kutoka kando za shimo ukienda katikati, nao huenda polepole. Nyama laini ya kovu hukua upesi zaidi. Ni kama shamba lililofyekwa likaachwa bila kupandwa: magugu hutangulia. Kovu likiisha kujaa shimoni, mfupa haupati tena njia ya kupita. Kwa hiyo tabibu hutaka kutia shimoni kitu ambacho mfupa utakitambaa, kama mzabibu utambaavyo juu ya miti, kabla kovu halijashika mahali.

Kitu kilicho bora kwa kazi hiyo, tangu zamani hata leo, ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu una chembe hai na mwili haukugombana nao. Lakini haupatikani mwingi, hasa kwa mtoto. Tena kuuchukua ni kufanya jeraha la pili, kama mlivyosikia. Mfupa wa mtu mwingine aliyekufa waweza kutumika, walakini wataka kusafishwa, kupimwa na kuhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, usije ukahamisha maradhi. Basi watu wa nyakati nyingi wametafuta kitu cha tatu.

Habari moja ya zamani nataka mwisikilize, kwa kuwa yatuhusu sisi watu wa kanisa. Katika kitabu cha mganga Mholanzi Job van Meekeren, kilichochapwa mwaka wa 1668, husimuliwa ya askari mmoja huko Urusi aliyepigwa upanga kichwani, kipande cha fuvu kikapotea. Mganga wake akaliziba pengo kwa mfupa wa fuvu la mbwa, na mtu yule akapona. Lakini wakuu wa kanisa lake walipopata habari wakamtenga, kwa kuwa waliona ni aibu mtu aliyebatizwa achukue mfupa wa mbwa kichwani. Akarudi kwa mganga akimsihi autoe. Wasimulia kwamba haukuweza kutolewa, maana ulikuwa umekwisha kushikana. Mimi niliposoma habari hiyo sikuwacheka wale wakuu. Nilijiona mimi mwenyewe: watu wenye nia njema, wakitoa hukumu juu ya jambo wasilolichunguza, na mgonjwa ndiye alipaye.

Baadaye wengine wakaendelea. Huko Glasgow, nchi ya Uskoti, William Macewen mwaka wa 1880 aliujenga upya mfupa wa mkono wa mtoto mdogo, ulioharibiwa na ugonjwa kama ule wa kijana wetu, akitumia vipande vya mifupa ya miguu aliyokuwa akiinyosha kwa wagonjwa wengine. Mwaka wa 1892 tabibu Mjerumani Dreesmann akaandika ya kwamba amejaza mashimo ya mifupa kwa jasi, ile ile ya kupakia kuta. Jasi haina ubaya kwa mwili, lakini huyeyuka upesi, mara nyingi kabla mfupa haujafika. Vikajaribiwa vitu vingi vingine. Katika vile vilivyodumu, vingi vilikuwa na shida moja: mwili hukizungushia kitu kigeni utando wa kovu, kama watu wa mji wanaomzungushia mgeni ua wasimfukuze wala wasimkaribishe. Kitu hukaa, lakini hakishikani. Baada ya muda hulegea.

Sasa twafika kwenye kioo. Mwaka wa 1967 mtu mmoja Mmarekani, Larry Hench, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Florida katika mji wa Gainesville, alikuwa katika basi akienda kwenye mkutano wa jeshi huko Sagamore, katika jimbo la New York. Yeye hakuwa tabibu. Kazi yake ilikuwa vioo na vyombo vya udongo uliochomwa, na wakati ule alichunguza vioo visivyoharibiwa na mionzi mikali. Kando yake aliketi kanali mmoja aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Hench akamweleza kazi yake. Yule kanali akamwuliza: ikiwa waweza kutengeneza kitu kitakachostahimili mionzi hiyo, je, waweza kutengeneza kitu kitakachostahimili mwili wa mwanadamu? Akamweleza ya kuwa huko vitani askari wengi hukatwa miguu na mikono, kwa sababu madini na vitu vya plastiki walivyonavyo matabibu hukataliwa na mwili.

Tafakarini neno hilo, ndugu zangu. Mtu mwenye elimu ya kusaidia kupigana aulizwa kama elimu yake yaweza kuponya. Angaliweza kusema, "Hiyo si kazi yangu." Hakusema hivyo. Alirudi nyumbani akiwa na swali lile, akaligeuza kwa njia nyepesi sana. Akafikiri hivi: mwili hukataa vitu hivi kwa kuwa havifanani nao hata kidogo. Mfupa umejaa chokaa na fosforasi. Basi na tufanye kioo chenye chokaa na fosforasi ndani yake, tuone kama mfupa utakitambua.

Mwaka wa 1969 kazi ikaanza. Kioo alichokitengeneza, katika kila sehemu 100 za uzito, kilikuwa na sehemu 45 za silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga mweupe, sehemu 24.5 za oksidi ya sodiamu, yaani kile kitokacho katika magadi yakichomwa, sehemu 24.5 za chokaa. Na sehemu 6 za oksidi ya fosforasi. Kwa ajili ya zile sehemu 45 huitwa kioo cha 45S5. Mama zetu wataona ajabu: mchanga, magadi, chokaa! Vitu hivyo twavijua jikoni na katika ujenzi. Lakini huchaguliwa vilivyo safi kabisa, huyeyushwa pamoja kwa moto wa zaidi ya digrii 1300, kisha hupozwa.

Tabibu mwenzake, Ted Greenlee, akatia vipande vidogo vya kioo kile katika mifupa ya paja ya panya, katika hospitali ya askari wa zamani palepale Gainesville. Baada ya wiki sita akajaribu kuvitoa. Havikutoka. Alisukuma, alivuta, mfupa wenyewe ukapasuka, na kioo kimeshika. Akampigia Hench simu akamwuliza ni kitu gani hiki alichompa. Mnaikumbuka habari ya askari wa Urusi? Hapa tena kitu kigeni hakitoki, ila safari hii hakikuwa mfupa hata kidogo, kilikuwa kimetoka katika tanuru. Habari hiyo ilichapwa mwaka wa 1971, na watu wengi hawakuisadiki upesi, kwa maana walikuwa wamezoea kufikiri kama nilivyofikiri mimi: kwamba mwili humkubali mgeni anyamazaye tu, au humtoa.

Mtu aweza kuuliza, kioo chashikaje mfupa? Hakuna gundi. Walimu, hapa nisikilizeni vizuri, mpate kuwaeleza wanafunzi. Kioo cha dirisha kina silika zaidi ya sehemu 70 katika 100. Ndiyo maana mvua hainyeshi ikakiyeyusha. Kioo hiki kina silika kidogo, na magadi na chokaa kwa wingi, kwa hiyo hakidumu katika maji. Kikipata maji ya mwilini, kwanza sodiamu hutoka usoni pake, na maji yaliyo karibu huwa makali kwa namna ya magadi. Silika iliyobaki usoni huwa laini kama utelezi. Kisha chokaa na fosforasi, za kioo na za damu pia, hukusanyika juu ya utelezi ule, zikafanya ngozi nyembamba. Na ngozi hiyo, ikiisha kuwa ngumu, ni madini yale yale ambayo mfupa umejengwa nayo. Hayo huanza kwa muda wa saa chache tu. Chembe za mfupa zikifika hazikuti kioo tena, zakuta kitu kinachofanana na kwao. Zashika, zatandaza nyuzi zao, zajenga. Hata mwishowe huwezi kusema mfupa umekomea hapa na kioo kimeanzia hapa.

Tena kuna jambo la pili lililojulikana baadaye. Hench alihamia London, katika Imperial College, na mwaka wa 2000 na 2001 yeye na wenzake wakaandika ya kwamba silika na chokaa ziyeyukazo kutoka katika kioo huziamsha chembe zijengazo mfupa, zikaongezeka na kufanya kazi kwa bidii zaidi. Basi kioo hiki hakitoi njia tu kwa mfupa, chauita. Na kadiri mfupa unavyokuja, chenyewe chapungua.

Lakini angalieni: kipimo ni jambo kubwa. Silika ikizidi kama sehemu 60 katika 100, kioo hakishiki mfupa tena, huwa kama vile vingine. Kwa hiyo mtu asije akasikia maneno haya akadhani kipande cha chupa kina dawa. Chupa mwilini ni jeraha.

Je, kimetumikaje kwa watu? Kwanza katika sikio. Ndani ya sikio mna vifupa vitatu vidogo mno vipelekavyo sauti. Maradhi yakivila, mtu huwa kiziwi. Mwaka wa 1985 serikali ya Marekani iliruhusu kifupa cha kioo kitumike badala yao, na watu wakasikia tena. Hata hivyo vipande vile havikuenea, kwa kuwa kioo hakichongeki kwa kisu, na kila sikio lina kipimo chake. Mwaka wa 1993 wakaja na namna nyingine, nayo ndiyo iliyoenea: punje ndogo, kama mchanga mnene, za kujazia mfupa wa taya pale ulipoliwa karibu na meno. Shimo liwe na umbo gani, punje hulifuata. Baadaye zikatumika katika mifupa mingine ya mwili. Hench mwenyewe alifariki mwaka wa 2015, akiwa ameyaona hayo yote.

Na huko Ufini, katika mji wa Turku, wataalamu walitengeneza kioo cha ndugu yake: silika 53, oksidi ya sodiamu 23, chokaa 20, oksidi ya fosforasi 4. Huitwa S53P4. Matabibu wa Turku walikitumia kwanza katika mifupa ya paji la uso, kisha wakaona jambo jipya. Nimesema maji yaliyo karibu na kioo huwa makali kama magadi, tena hujaa chumvi. Vijidudu vya maradhi havipendi mahali kama hapo; hufa, hata vile vilivyozoea dawa za hospitali visizisikie tena. Basi kitu kile kile kijazacho shimo chalilinda pia. Hapo niliweka kitabu chini nikamkumbuka kijana wetu, maana ugonjwa wake ndio huo. Mwaka wa 2017 matabibu wa nchi mbalimbali walitoa hesabu ya wagonjwa 116 wenye mifupa iliyooza kwa muda mrefu, waliosafishwa na kujazwa kioo hiki. Katika kila wagonjwa kumi, tisa walipona. Na wengi walipasuliwa mara moja tu, shimo likasafishwa na kujazwa siku ile ile, wala nyonga haikuguswa.

Sitaki mtoke hapa mkisema mwalimu amesifu kioo kupita kiasi. Nilikosa mara moja kwa kusema zaidi ya nilivyojua, inatosha. Kioo hiki ni kioo: ni dhaifu, huvunjika. Hakiwezi kuchukua uzito wa mtu. Mfupa uliokatika vipande viwili hauungwi kwa punje; wataka vyuma vya kuushika, au plasta ngumu, na muda. Punje ni za shimo lililozungukwa na mfupa wenye nguvu. Tena hazisafishi badala ya tabibu: mfupa uliokufa ukiachwa ndani, kioo chote cha dunia hakitafaa. Damu isipofika mahali pale, hapana chembe za kujenga. Tena haliondoki upesi; punje nyingine za S53P4 huonekana katika picha hata baada ya miaka mingi, ingawa hazidhuru. Na wako wagonjwa ambao mfupa wao wenyewe utakuwa bora kwao. Tabibu ndiye atakayechagua. Wala kioo si kitu cha kila hospitali, na bei yake si ndogo.

Sasa nimalize kwa neno nililolitaka tangu mwanzo. Kwa miaka mingi nilifundisha darasani ya kwamba mwili hutoa kila kilicho kigeni. Nilifundisha kwa sauti ya uhakika, na watoto waliandika. Sasa nafundisha hivi: mwili wapokea na kukataa kwa sababu, na sababu hizo zaweza kuchunguzwa. Mwiba hutolewa. Chuma huzungushiwa ua. Mfupa uliokufa, ingawa ni wa mwili wenyewe, huwa adui. Na kioo cha mchanga na magadi, kitu kigeni kabisa, hupokewa kama jamaa, kwa sababu kimekuja na kile ambacho mfupa wakitaka, kikampisha mwenye nyumba. Hayo hakuna aliyeyajua kwa kukaa na kukisia. Yalijulikana kwa sababu mtu aliulizwa swali katika basi, akakubali kwamba hajui, akaenda kutazama.

Nanyi walimu na wazazi, shikeni hili hata mkiyasahau mengine yote. Mtoto akiwa na homa, na mfupa mmoja wamwuma, hasa karibu na goti, nyonga au bega, akakataa kuutumia mguu au mkono huo, msingoje jipu. Msikande, msichanje, wala msije kwa mwalimu kuuliza maana yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Katika siku hizo za kwanza mara nyingi dawa peke yake hutosha, na hapatakuwa na shimo la kujazwa, kwa mfupa wala kwa kioo.

Mama yule yupo hapa leo, na mwanawe yupo. Amekuwa kijana mrefu kuliko mimi. Ndiye aliyebeba viti hivi mlivyokalia. Nilimwomba ruhusa kusema habari zake, akaniambia, "Sema, mwalimu, lakini useme yote." Nimesema yote.